Mpira wa shilingi hamsini, bili ya elfu moja mia nane

Jumamosi iliyopita nilitumiwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu na nusu kwenye WhatsApp. Mwenye sauti ni mzee ninayemheshimu, mwalimu mstaafu, mpenzi wa rumba tangu zama za santuri, na alikuwa amekasirika hadi anakohoa. Aliniletea deki yake ya CD, ile ya boksi moja jeusi ya kuunganishwa na amplifaya, trei ikiwa imekataa kufunguka na CD imo ndani. Nikamrudishia ikifanya kazi, pamoja na bili ya shilingi 1,800. Alipofika nyumbani mpwa wake akamweleza kwamba kilichobadilishwa ni mpira wa trei tu, kile kimkanda kinachoivuta ifunguke, na mpira huo mjini ni shilingi hamsini. "Fundi, umenila mchana kweupe," ndivyo alivyomalizia. Halafu akaisambaza ile sauti kwenye grupu ya mtaa, na hapo ndipo mambo yaliponoga.

Mwalimu tumeshaongea kwa simu. Lakini yeye si wa kwanza, na nimechoka kujitetea kando ya meza yangu hapa Kibuye, Kisumu, huku watu waliokuja kununua betri za rimoti wakinisikiliza kama kesi ya chifu. Kwa hiyo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia haya.

Kwanza, mpwa hakudanganya. Mpira ni hamsini, na nikinunua nyingi Luthuli, Nairobi, napata hata chini ya hapo. Tatizo ni kwamba ule mpira haukuwa umekatika. Ulikuwa umeyeyuka. Joto la Kisumu na unyevu wa ziwa ukivichanganya na miaka ishirini na kitu, mpira hugeuka kitu cheusi kama lami mbichi, unashika vidole na hautoki kwa sabuni. Nusu yake ilikuwa imeganda kwenye puli ya mota na nusu kwenye gurudumu la trei. Ukiweka mpira mpya juu ya uchafu ule, trei itafunguka vizuri siku nne, tano, kisha ianze kuteleza, na mwalimu arudi na ujumbe wa sauti wa dakika saba.

Ili kuifikia puli hiyo nililazimika kutoa mfuniko, kufungua sahani ya juu inayobana CD, kuisukuma trei kwa mkono kwa kuzungusha gia polepole bila kuikwaruza CD ya mzee (na ile CD, niwaambieni, aliithamini kuliko deki), kisha kunyanyua mekanika yote, yaani upande mzima unaotembea. Chini yake nilikuta tabaka la wadudu wa ziwani. Mnaowajua ni nyinyi wa huku: jioni wanapanda kama moshi kutoka majini, wanaifuata taa, wanaingia kwenye kila tundu la hewa. Wakifia ndani wanakuwa unga mweusi wenye mafuta. Na pembeni, juu ya bodi ya stima, mjusi-kafiri amekauka miguu minne imetanda, mkia mmoja umegusa fyuzi. Nilimpiga picha. Mwalimu anayo hiyo picha.

Puli nikaisafisha kwa alkoholi na pamba ya masikio mpaka pamba ikatoka nyeupe. Grisi ya reli ilikuwa imekuwa ngumu kama nta ya mshumaa, nikaikwangua kwa kijiti cha mbao, si bisibisi, nikapaka mpya kidogo, tone la ukubwa wa mbegu ya mtama. Lensi nikaifuta. Kisha nikapiga CD tatu: moja ya kiwandani isiyo na doa, moja iliyokwaruzwa ambayo nimeihifadhi kwa makusudi haya tu, na moja ya kuchoma. Ile ya kwanza nikaisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu deki inaweza kupiga wimbo wa kwanza kama malaika na kukwama kwenye wa kumi na tatu. Hiyo peke yake ni zaidi ya saa nzima. Ndiyo, nikiwa nafanya kazi nyingine pembeni, lakini masikio yangu yako kwake.

Mpira ulikuwa hamsini. Hayo mengine ndiyo 1,750.

Sasa niseme kuhusu hizi deki zenyewe, maana watu wengi wanaziokota kwenye mitumba ya vyombo kutoka Uingereza bila kujua wamepata nini. Si redio, si mfumo mzima wenye spika zake. Ni boksi lenye kazi moja: kusoma CD na kutoa sauti safi nyuma kwenye vitundu viwili, chekundu na cheupe, volti kama mbili hivi, iende kwenye amplifaya. Wenyewe huziita hai-fai, na wateja wangu hawakosi utani kwamba jina linatosha kukuonya. Zile za bei ya chini, zilizouzwa huko dukani kwa pauni mia moja hadi mia mbili miaka ya 1990, ndizo nyingi zaidi zinazofika hapa. Ni vyombo vya maana. Saketi inayogeuza tarakimu kuwa sauti haichoki kirahisi, na ukiiunganisha na amplifaya nzuri utasikia gitaa la pili la rumba, lile ambalo simu yako hulimeza. Walichobania pesa ni mekanika: trei ya plastiki, mota ndogo, na mara nyingi leza ileile iliyowekwa kwenye redio za kubeba mkononi. Kwa hiyo kinachoharibika kila mara ni upande unaotembea. Ubongo uko sawa, magoti ndiyo yamekwisha.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Unaweka CD, unasikia kitu kinahema mara mbili tatu, "tsk, tsk, tsk", kisha kioo kinaandika kwamba hakuna CD. CD haikuzunguka hata kidogo. Mteja anahitimisha kwamba mota imeungua. Huenda, lakini mashine nyingi huanza kwa lensi: inapanda na kushuka kutafuta mahali pa kulenga, na isipopata mwangwi wa mwanga kutoka kwenye CD, haiamuru mota izunguke. Kwa nini izungushe kitu isichokiona? Kwa hiyo mota iliyotulia inaweza kuwa na afya kabisa, na mwenye shida ni jicho.

Hilo jicho ndilo chanzo cha kesi nyingi nzito hapa kwangu. Sisi mafundi tunaliita pikapu, si ile ya kubeba viazi. Ni kiboksi cha ukubwa wa kiberiti chenye leza, lensi ya plastiki ndogo kuliko punje ya njegere, na sumaku za kuisogeza. Kwenye nyingi, lensi imening'inia kwenye nyaya nyembamba kama unywele ili iweze kucheza juu na chini CD inapoyumba. Na kazi inayofanya si ya mzaha. Muziki wa CD umeandikwa kwenye mstari mmoja uliojizungusha kutoka katikati kwenda nje, mzunguko na mzunguko umeachana kwa maikromita 1.6. Chukua unywele mmoja wa kichwani, mistari kama arobaini inapita chini yake. Ukiunyoosha mstari wote wa CD moja iliyojaa unapata zaidi ya kilomita tano. Jicho hilo linaufuata huku CD ikizunguka kama mara 500 kwa dakika mwanzoni, ikipungua hadi kama 200 ikifika ukingoni.

Hapo ndipo fundi anapopata dalili zake bila hata kufungua mfuniko. Ikisumbua wimbo wa kwanza na wa pili halafu ikatulia, nashuku mota ya kuzungushia, kwa sababu kasi kubwa inahitajika pale katikati na mota iliyochoka haifiki. Ikipiga vizuri kisha ikaanza kuruka nyimbo za mwisho, natazama reli: grisi imekauka upande wa nje ambako jicho halifiki mara nyingi. Au CD yenyewe imepinda, maana ukingoni ndiko inakoyumba zaidi. Ikianza vizuri asubuhi na kugoma baada ya dakika ishirini, hiyo ni joto, na hapo siahidi kitu. Kwa hiyo mteja anaponiambia tu "inaruka", nitamuuliza maswali sita. Wengine hudhani napoteza muda ili nipandishe bei.

Haya, njia za mkato.

Kijana mmoja wa Nyalenda alisoma mahali kwamba lensi husafishwa kwa kioevu kinachokauka haraka. Ni kweli. Akatafuta nyumbani kinachokauka haraka, akapata cha dada yake cha kutolea rangi ya kucha. Kile ni asetoni. Lensi ni plastiki. Alivyoniletea, niliinua taa nikatazama: imekuwa nyeupe katikati, mtoto wa jicho kabisa. Kusafisha lensi kwangu ni sehemu ya shilingi 500 za kukagua. Yeye alilipa 3,500 za pikapu mpya, na alinituhumu kwamba hakukuwa na haja, si angalau ningejaribu kuisugua?

Spiriti ya zambarau ya kuwashia jiko nayo huacha utando. Ile ya vidonda kutoka duka la dawa mara nyingi imetiwa mafuta. Pumzi ya mdomo na kona ya tisheti, bado unakwaruza. Na zile CD zinazouzwa zenye vibrashi chini, za kujisafishia mwenyewe: fikiria umelala chali macho wazi halafu mtu anakupitishia ufagio mara 500 kwa dakika. Zinatoa vumbi jepesi, sikatai. Ila nimeona lensi iliyong'olewa ikakaa upande kama kofia ya mlevi.

Mipira, tusiongee sana. Rababendi ya kufungia noti haidumu. Kipande cha tyubu ya baiskeli ni kinene mno, trei inafunga kwa kishindo, na jino moja la gia likivunjika, gia hiyo huipati popote isipokuwa kwenye deki nyingine iliyokufa. Ninazo deki nne za hivyo chini ya meza, mke wangu huziita makaburi.

Lakini njia ya mkato iliyonifanya nishike kalamu hasa, ile inayonipandisha presha, ni skrubu ndogo.

Ubavuni mwa pikapu nyingi kuna kidude cha duara, kidogo kuliko kichwa cha pini ya ubao, kina mfereji wa bisibisi. Kinaamua leza ipate mkondo kiasi gani. Kiwandani kimewekwa kwa kipimo, na kwenye nyingine mkondo huo umeandikwa kwenye kibandiko pembeni. Leza inapozeeka mwanga unapungua, deki inaanza kuchagua CD za kusoma. Fundi wa kona anachukua bisibisi, anazungusha kidogo, na tazama, muujiza: CD zote zinapiga. Mia tatu, asante, nenda salama. Alichofanya ni kumchapa punda mgonjwa. Leza inayosukumwa kupita kipimo inajichoma kwa joto lake, na uzee wa miaka mitatu unaisha kwa wiki tatu. Baya zaidi, yule atakayefuata hawezi tena kujua leza ilikuwa na hali gani, kwa sababu mahali kidude kilipowekwa kiwandani pameshapotezwa.

Najua kwa sababu nimefanya. Nilijifunza kazi Nakuru, kwenye kibanda cha fundi mmoja karibu na stendi, na hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kwanza aliyonifundisha, akiangalia nyuma kama anayenionyesha mahali alipozika dhahabu. Mama mmoja mwuza nguo wa Lanet akaleta deki ya marehemu mumewe. Nikazungusha skrubu. Ikapiga vizuri ajabu, akanipa hamsini ya chai juu ya malipo. Siku ya ishirini na mbili akarudi nayo ikiwa kimya. Fundi wangu akamwambia leza imekufa, ni umri, alete pesa ya mpya. Hakutaja skrubu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na bisibisi mkononi, na sikutaja pia. Yule mama hakuleta pesa. Aliibeba deki akaondoka nayo ikiwa imefungwa kwenye leso.

Siku hizi nikiona mfereji wa ile skrubu umekwanguliwa, najua deki imeguswa. Naiandika hivyo kwenye risiti mbele ya mteja: "imeguswa". Kukagua mashine iliyoguswa ni 800 badala ya 500, na siiwekei dhamana mpaka nibadilishe pikapu. Wengi hununa. Wanaapa hakuna aliyeifungua, ilhali skrubu za mfuniko ziko tatu badala ya sita na moja kati ya hizo tatu ni ya kitasa cha mlango. Sikasiriki kwamba ulienda kwingine kwanza, kila mtu anatafuta unafuu. Ninachoomba ni uniambie. Unaponificha, nusu saa ya kwanza naitumia kutafuta kosa la kiwanda ambalo halipo, na nusu saa hiyo nitakulipisha.

Kuhusu kununua pikapu mwenyewe mtandaoni. Kuna mteja aliipata kwa 900, akaifunga kwa mikono yake, na alifunga vizuri, nilimsifu. Deki haikusoma kitu. Akaja amekata tamaa. Nikaangalia ile mpya: kwenye kibao chake kidogo cha saketi kulikuwa na tone dogo la risasi ya kulehemu linalounganisha nukta mbili. Hilo huwekwa kiwandani kwa makusudi, kuilinda leza isiuawe na umeme wa mwilini wakati wa safari, na unaliondoa ukishachomeka utepe wa nyaya. Nikapasha chuma cha kulehemu, nikaligusa, likatoka. Deki ikasoma. Sekunde mbili, shilingi mia tano. Alinitazama kama nimemuibia kuku. Nikamwambia kama angelitambua lile tone angelitoa mwenyewe bure, na kwamba kama angelichokonoa kwa wembe, alivyokuwa anapanga, 900 zake zingeondoka na wembe. Akalipa, akacheka mlangoni. Mzuri huyo, hunitumia wateja.

Na wapo wanaouliza mbona kwangu pikapu ni 3,500 kufungwa na kule ni 900. Zile za bei hiyo ni bahati nasibu. Katika kumi nilizoagiza mara ya mwisho, tatu nilizirudisha kwenye boksi: moja haikuwaka, mbili ziliwaka lakini ishara yake kwenye oskiloskopu, kile chombo kinachochora umeme kama mawimbi kwenye kioo, ilikuwa ukungu mtupu, wakati pikapu nzima hukuonyesha vialmasi vilivyojipanga safi katikati ya mawimbi. Anayekuuzia 900 hakupimii hayo. Hizo tatu gharama yake naibeba mimi, na dhamana ya miezi mitatu naiandika kwa jina langu.

Kuna malalamiko mengine ambayo si ugonjwa kabisa, nayapitia haraka. Kwaya moja ilileta deki eti ni mbovu, haisomi CD yao yenye nyimbo mia na hamsini. CD ya muziki wa kawaida inabeba dakika 74 hadi 80. Nyimbo mia na hamsini ni mafaili ya MP3, na deki hizi za zamani nyingi hazijui MP3 ni mdudu gani. Hakuna cha kutengeneza. Niliwaomba radhi, nikawaelekeza wakazichomee upya kama CD za muziki, wakatoka na CD tisa. CD za kuchoma nazo hurudisha mwanga hafifu kidogo kuliko za kiwandani, na zile za kufuta na kuandika tena hafifu zaidi, kwa hiyo leza iliyoanza kuchoka huzikataa kwanza. Ukiona ya kiwandani inapiga na ya kuchoma inagoma, hiyo ni barua ya onyo, bado una muda.

Mikwaruzo: watu huogopa upande unaong'aa na kuulaza juu ya meza upande wa maandishi. Kinyume chake ndicho cha kuhofia. Upande unaong'aa una zaidi ya milimita moja ya plastiki kabla ya kufikia muziki, na deki ina hesabu za kusahihisha zinazoweza kuziba pengo la kama milimita mbili na nusu bila sikio lako kujua. Upande wa maandishi kuna rangi tu na utando mwembamba, chini yake ndipo ulipo muziki wenyewe. Ukiandika jina lako kwa biro ngumu pale, umeukanyaga. Na ukifuta CD, toka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe kama unaosha sahani. Dawa ya meno ya kusugulia mikwaruzo iache bafuni.

Stima ndiyo kesi nyingine inayoumiza, maana hapo mteja anapoteza boksi zima. Deki iliyotoka Uingereza haina shida na volti 240 zetu. Ya Marekani ni 120, ya Japani 100. Dada yako akikutumia moja kutoka Marekani, geuza utazame nyuma kabla ya kuchomeka, na ununue transfoma ya kushusha. Stima ya kwao kuwa ya mizunguko 60 kwa sekunde na yetu ya 50 haina neno kwenye CD, kasi yake inatawaliwa na fuwele ya kwatzi ndani, kijiwe chenye mapigo yasiyobadilika, haitegemei stima. Mteja mmoja wa Mamboleo hakugeuza. Fyuzi ikajitoa mhanga, kama ilivyoumbwa. Jirani yake, mtu wa msaada sana, akaifungua akaizungushia fyuzi ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuichomeka tena palepale. Safari ya pili hakukuwa na wa kujitoa. Transfoma ilitoa moshi uliofika hadi chumba cha kulala. Fyuzi ni shilingi thelathini. Transfoma ya kufanana nayo niliitafuta wiki tano, ikafika kwa basi kutoka Nairobi, na bili ilikuwa 4,200. Na radi za huku kwetu mnazijua: wingu likianza kunguruma jioni, chomoa waya ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, mashine bado iko macho ikisubiri hiyo rimoti.

Basi bei zangu, ziko pia ukutani kwa kalamu nyekundu. Kukagua 500, na ukikubali kazi ifanywe nazikata kwenye bili. Iliyoguswa 800. Huduma kamili ya mekanika, yaani mpira, grisi, lensi, usafi wa ndani na kujaribiwa kwa CD tatu, 1,800. Pikapu 3,500, dhamana miezi mitatu. Kama deki haifai kutengenezwa nitakuambia kabla ya kula pesa yako, na mwaka huu nimewaambia watu wengi kuliko niliowatengenezea. Sipunguzi kwa sababu umekuja na mtoto wa mjomba wangu.

Ukija, toa CD iliyomo ndani kama trei bado inafunguka. Usilaze deki kwa ubavu kwenye boda, iweke mapajani. Lete rimoti, kwa sababu mashine nyingine huficha vitufe vya maana huko tu. Na ulete CD ileile inayokusumbua, si nyingine nzuri uliyoichagua kunifurahisha.

Mwalimu alinipigia jana usiku. Trei inafunguka kama mlango wa benki, anasema, lakini kuna CD moja ambayo wimbo wa mwisho bado unaruka. Nikamwambia ailete tuitazame kwenye mwanga, nadhani imepinda. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kukagua CD ni pesa ngapi. Hiyo ni bure, mwalimu. Akasema atakuja Alhamisi, na atakuja na mpwa.